Somo: Kisu cha Jikoni Kinachokata na Kudumu



Karibu kila boma tunalotembelea lina panga, na karibu kila panga lina tupa yake. Tupa hiyo ina mahali pake, juu ya mlango wa stoo au katikati ya mbao za ukuta, na mtoto akiichezea anakemewa. Panga likianza kuwa butu mwenyewe anakaa chini, anapiga tupa, anarudi shambani. Sasa ingia jikoni uulize kisu kinanolewa na nini. Utaonyeshwa ngazi ya saruji. Ama utaonyeshwa jiwe lolote lililo karibu na mlango. Ama utaambiwa, "Hicho hakinolewi, kikikataa tunanunua kingine."

Jambo hili limetufanya tufikiri. Panga lina siku zake za kupumzika, lakini kisu cha jikoni hakina. Asubuhi kinakata mkate, mchana kinamenya viazi, jioni kinakata sukuma wiki, nyanya na kitunguu, na katikati hapo watoto wamekichukua kumenya muwa. Hakuna chombo nyumbani kinachofanya kazi kukishinda, na bado ndicho kinachonunuliwa kwa chenji iliyobaki. Katika vikao vyetu, wazee wengi hukumbuka bei waliyolipia panga, lakini ya kisu hawaijui. Akina mama wanaijua bei, ila hawakumbuki hiki ni cha ngapi mwaka huu.

Somo la leo linahusu kuchagua kisu cha jikoni kwa pesa ambazo mtu wa kawaida anazo. Hatuna haja na kisu cha kifahari. Tunatafuta kile ambacho ukikinunua pesa yako haijapotea, na hicho ni kisu kinachokubali kunolewa nyumbani. Mnaweza kulisoma somo kwa mikutano miwili kama kuna mambo mengine kwenye ajenda.

Tupige hesabu kwanza

Chukueni bei za soko lenu wenyewe, maana bei hubadilika kila mahali. Sisi tutatumia mfano tu. Tuseme kisu chepesi cha kibandani ni shilingi 80. Baada ya miezi minne hivi mpini unalegea au makali yanaisha, unanunua kingine. Hivyo ni visu vitatu kwa mwaka, shilingi 240. Kwa miaka mitano umetoa shilingi 1,200, na mwisho wa miaka hiyo huna kisu, una vipande vya chuma kwenye kikapu.

Tuseme tena umenunua kisu cha shilingi 350 ambacho kinanoleka, pamoja na jiwe la kunolea la shilingi 250. Jumla ni shilingi 600. Kwa miaka hiyo hiyo mitano unatumia kisu kilekile, na pengine kitaendelea. Jiwe nalo likinunuliwa na majirani wanne, kila mmoja ametoa shilingi 62 na nusu tu.

Tunajua mtakavyosema: hiyo 80 iko mfukoni leo, na 350 haiko. Ni kweli. Mtu asiye na pesa ya kutosha siku moja hujikuta ananunua kitu kilekile mara tano. Ndiyo maana tunalileta somo hili kikundini badala ya kwa mtu mmoja mmoja. Vikundi vyenye mzunguko wa pesa tayari vinanunuliana sufuria, blanketi na vikombe. Kisu kinaweza kuingia kwenye mzunguko huo. Tena mkienda dukani mkihitaji visu ishirini kwa mara moja, mwenye duka atawasikiza kwa namna nyingine.

Na hesabu hiyo bado haijataja mikono. Kuna wazazi wanaompa mtoto kisu butu ati kisimkate. Kumbe kisu butu kinataka nguvu: unasukuma, hakiingii, unaongeza nguvu, kinateleza juu ya ganda la nyanya au la kiazi, kisha kinaingia kidoleni na nguvu zote ulizokuwa umeweka. Kisu kikali huhitaji kuguswa kidogo tu. Mkono uliokatwa hauchumi chai wala haukamui ng'ombe kwa siku kadhaa, na siku hizo zina bei yake. (Mtu akikatwa, aoshe jeraha kwa maji safi, alibane kwa kitambaa safi na kuinua mkono. Asipake mafuta ya taa wala majivu. Jeraha likiwa refu kwenda ndani aende zahanati, na aulize kuhusu sindano ya pepopunda.)

Kisu gani kwa kazi gani

Vitabu vya mapishi kutoka ng'ambo humwambia mpishi anunue kisu kipana cha sentimita 20 na akate vitu juu ya ubao mezani. Ni ushauri mzuri kwa hoteli kubwa. Lakini tazama mama wa kwetu anavyokata sukuma wiki. Anakunja majani, anayashika kwa mkono wa kushoto kama fungu, anapitisha kisu chembamba mbele ya vidole, na mboga zinaanguka kwenye sufuria zikiwa nyembamba kama uzi. Kitunguu hukatiwa mkononi, nyanya pia. Ubao hauko, na pengine hata meza haiko. Mpe mama huyu kile kisu cha hoteli, atakushukuru kwa adabu, halafu atakiweka kando atafute chake cha zamani.

Kwa hivyo, kwa nyumba nyingi sisi tunapendekeza kisu kimoja chenye bapa la urefu wa sentimita 12 hadi 15, jembamba, jepesi, lenye ncha. Kinachozidi hapo ni kizito kwa kukatia mkononi, na kilicho kifupi zaidi hakifiki upande wa pili wa kabichi. Pesa ikipatikana baadaye, ongeza kidogo cha sentimita 8 hivi cha kumenyea. Basi, hapo umemaliza. Kile kipana kinamfaa mama mwenye kibanda cha chakula, anayekata kabichi kumi kwa siku, na yeye atahitaji ubao pia.

Mifupa ya mbuzi, miwa na makopo si kazi ya kisu hiki. Mwite panga au shoka, na kopo lina kifunguzi chake. Makali membamba yakigonga mfupa yanamegeka.

Chuma chenyewe

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu jicho halioni ndani ya chuma. Visu vyote vinang'aa vikiwa vipya.

Chuma laini kama kile cha misumari unaweza kukinoa kikawa kikali sana, lakini makali hayakai. Baada ya kabichi mbili umerudi pale pale. Kinachokipa chuma ugumu ni kaboni iliyomo ndani yake, halafu fundi kukipasha moto hadi kiwe chekundu, kukipoza ghafla, na kukipasha tena kidogo ili kisivunjike kama kigae. Chuma chenye kaboni ya kutosha ndicho kinachoitwa pua. Tupa ni pua, springi za gari ni pua.

Kisu cha pua ya kawaida kina sifa nzuri: kinanoleka upesi na makali yake yanakaa. Shida yake ni kutu. Ukikata ndimu na kukiacha na maji usiku mmoja, asubuhi kimebadilika. Ule weusi unaotokea baada ya kukata kitunguu au nyanya hauna madhara, ni chuma kimekutana na uchachu. Kutu nyekundu ndiyo ya kusugua na kuondoa. Mtu anayekifuta kila akimaliza, na kukipaka mafuta kidogo ya kupikia, atakaa nacho miaka mingi. Wenzetu wa Pwani wana kazi zaidi, maana hewa ya chumvi hula chuma hiki upesi.

Cha pili ni kile kisichoshika kutu, ambacho wauzaji hukiita steinlesi. Hiki kimechanganywa na kromiamu, si chini ya sehemu kumi na nusu katika kila mia. Kina historia ya kuchekesha kidogo. Mwaka 1913, huko Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika haraka, akapata chuma kisichoshika kutu. Mji huo ulikuwa umejaa mafundi wa visu, basi wakakijaribu. Inasimuliwa kwamba visu vya kwanza vilikataa kukata, watu wakamcheka Brearley ati amevumbua visu visivyokata. Baadaye mafundi walijifunza namna ya kukipasha moto inavyotakiwa, na leo visu vingi vya jikoni duniani ni vya chuma hicho.

Tumeleta kisa hicho kwa sababu muuzaji akikwambia, "Mama, hii ni steinlesi, haishiki kutu," huenda anasema kweli, lakini hajajibu swali lako. Swali lako ni kama kitakata mwezi ujao.

Kuna steinlesi ya vijiko na sufuria, na kuna steinlesi ya visu. Ile ya vijiko haikubali kuwa ngumu hata ukiipasha moto namna gani. Kwa bahati mbaya kuna visu vya bei ya chini vinavyokatwa kutoka kwenye chuma kama hicho. Vinang'aa kweli kweli. Kuvitambua, tafuta spika ya redio mbovu, ina sumaku kubwa nyuma yake. Nenda nayo sokoni, uiweke kwenye bapa la kisu. Isiposhika, au ikishika kwa unyonge, kirudishe kisu mezani. Ikishika kwa nguvu, kisu kimepita mtihani wa kwanza tu. Msisahau kwamba sumaku hushika msumari pia.

Mtihani wa pili ni kukipinda kidogo. Weka ncha juu ya ubao, bonyeza polepole bapa lipinde kidogo, kisha achilia. Chuma kizuri kinarudi kinyoofu. Chuma laini kinabaki na kona. Ombeni ruhusa kwanza, msije mkagombana na mwenye mali.

Wa tatu ni jicho. Inua kisu, tazama kutoka mpini hadi ncha kama seremala anavyotazama ubao. Makali yawe yamenyooka, bapa lisiwe limepinda. Bapa nalo liwe linapungua unene kutoka mgongoni kwenda kwenye makali. Kuna visu ambavyo ni bati nene la unene mmoja, kisha ukingo wa mwisho tu ndio umechongwa. Vikishaliwa kidogo na jiwe havikati tena, vinapasua. Kiazi kinalia "kra" na kugawanyika badala ya kukatwa.

Mtihani wa tupa ndio unaosema zaidi, lakini hakuna muuzaji atakayekuruhusu. Kwenye kona ya makali iliyo karibu na mpini, pitisha tupa kwa upole. Ikila chuma kwa urahisi kama inavyokula msumari, hicho ni laini. Ikiteleza, au ikila kwa shida, chuma kina ugumu. Kwa sababu hii tunashauri kikundi kisinunue visu ishirini siku ya kwanza. Nunueni kimoja. Kipigeni tupa nyumbani, mpeni mama mmoja akitumie wiki tatu kwa kazi zote, aandike ni siku ngapi kilikata kabla ya kuhitaji jiwe. Akirudi na habari njema, mweka hazina atoe pesa za vilivyobaki. Gharama ya kujaribu ni kisu kimoja tu, na ni ndogo kuliko majuto ya visu ishirini.

Kununua kwa fundi wa jua kali

Tusiwasahau mafundi wetu. Kutoka Kamukunji jijini Nairobi hadi vibanda vya soko la kijiji, wako watu wanaoweza kutengeneza kisu kizuri kuliko kile cha kwenye karatasi ya plastiki. Wako pia wanaokata bati la pipa na kulitia mpini. Vyote viwili vitalala kwenye gunia moja mbele yako.

Muulize fundi, "Hiki umetoa kwa chuma gani?" Springi ya gari ni jibu zuri. Blade kuukuu ya mashine ya kukatia chuma ni jibu zuri pia, ingawa kisu hicho kitakuwa kigumu kunoa. Akijibu, "Chuma tu, mama," mwombe aguse kona ya kisu kwenye mashine yake ya kusaga. Tazameni cheche. Za pua ni nyingi na zinapasukapasuka kama nyota karibu na jiwe. Za chuma laini ni ndefu, zimenyooka, na hazipasuki sana. Ukishaziona mara moja pamoja, moja baada ya nyingine, hutasahau tofauti.

Sasa kuhusu bei. Wengi wetu tukifika kwa fundi wa jua kali tunabana hadi tone la mwisho, halafu tunakwenda supamaketi na kulipa bei iliyoandikwa bila neno. Fundi aliyebanwa sana hakatai kazi. Anatafuta chuma rahisi zaidi. Ni afadhali kumwambia mapema, "Ndugu, tunataka visu kumi na tano vya springi, tutalipa bei ya springi, lakini kisiponoleka tunakirudisha." Mkiandikiana karatasi ni vizuri zaidi.

Mpini

Sehemu hii ni fupi. Chuma cha bapa hupita ndani ya mpini kama mkia. Mkia ukifika mwisho wa mpini, na ukaziona misumari miwili au mitatu imeubana pande zote, kisu hicho hakitang'oka. Mipini mingi ya plastiki ya bei ya chini ina mkia mfupi kama kidole gumba, na ndani kuna uwazi. Gonga mpini kwenye meza. Ukisikia sauti ya kitu kitupu au kitu kinachocheza, achana nacho. Mpini wa mbao usiwe na ufa, maana maji na mabaki ya nyama hukaa humo. Mwisho, kishike mkono wako ukiwa na maji. Ule mpini mzuri wa kuteleza kama kioo utajuta siku ya kukata samaki.

Visu vya meno na seti za sanduku

Kuna visu vyenye meno madogo kama msumeno. Siku ya kwanza vinakata kila kitu, hata kamba, na muuzaji wa stendi ya matatu atakuonyesha hivyo. Kwa mkate ni vizuri. Lakini meno yakiisha huwezi kuyanoa kwa jiwe lako la nyumbani, na hapo kisu kimekwisha. Kisiwe ndicho kisu chako pekee.

Seti za visu sita au saba kwenye sanduku au kwenye kibanda cha mbao huuzwa sana kwa lipa polepole. Tunazielewa, zinapendeza sebuleni. Ila hebu mjiulize: kati ya visu saba, ni vingapi vitashikwa kesho? Viwili. Vile vitano vingine unavilipia kila mwisho wa mwezi vikiwa vimekaa. Pesa hiyo hiyo ingenunua kisu kimoja kizuri, kidogo cha kumenyea na jiwe, na ibaki ya unga. Ikiwa mtu ana uwezo na anapenda, hatumzuii. Lakini kikundi kisikope kwa ajili ya seti.

Kunoa

Turudi kwenye ile tupa ya juu ya mlango. Tupa ni ya panga na jembe. Inakula chuma kingi na kuacha makali yenye mikwaruzo, na kwenye kisu kigumu inateleza tu. Kisu cha jikoni kinataka jiwe. Katika maduka ya hadwea hupatikana jiwe lenye pande mbili, moja la kukwaruza na moja laini. Lowesha kwa maji, liweke juu ya kitambaa chenye maji lisihame.

Laza kisu juu ya jiwe, kisha inua mgongo wake. Kimo cha kuinua ndicho watu wengi hukosea. Pima hivi: mgongo uinuke kimo cha theluthi moja ya upana wa bapa. Bapa likiwa na upana wa sentimita 3, mgongo uwe juu ya jiwe kwa sentimita 1. Ukiinua zaidi makali yatakuwa manene, ukilaza sana yatakuwa membamba na kuvunjika. Sukuma kisu mbele kama unayetaka kukata kipande chembamba cha jiwe, kutoka mwanzo wa bapa hadi ncha. Endelea upande huo mmoja hadi upapase upande wa pili na kusikia ukingo mdogo unaokwaruza kidole. Papasa kutoka mgongoni kuelekea nje, usipitishe kidole kando ya makali. Ukingo ule ukitokea kuanzia mwanzo hadi mwisho, geuza na ufanye upande wa pili. Malizia kwenye upande laini wa jiwe, mara moja huku, mara moja kule, kwa mkono mwepesi, mpaka ukingo uondoke. Mwenye mkanda wa zamani wa ngozi anaweza kupitisha kisu juu yake kwa kurudi nyuma, kama vinyozi walivyokuwa wakifanya.

Kujua kama umefaulu, elekeza makali kwenye mwanga. Ukiona mstari mweupe unaong'aa, hapo bado ni butu. Makali ya kweli hayaonyeshi mwanga wowote. Kisha chukua nyanya iliyoiva: kisu kiingie kwenye ganda kwa uzito wake bila kusukumwa.

Asiye na jiwe leo ageuze kikombe au sahani ya udongo. Ule ukingo wa chini usiopakwa rangi ya kung'aa hunoa vizuri kwa dharura.

Fundi anayepita na baiskeli ya kunolea ni msaada, lakini angalieni jambo moja. Mashine ikizunguka kwa kasi na kisu kikabaki hapo, makali hupata moto. Mkiona ukingo umegeuka rangi ya buluu, ugumu wa chuma umekwisha mahali pale, na hautarudi mpaka sehemu ile iliwe yote. Mwambieni achovye kisu kwenye maji kila baada ya kupitisha.

Utunzaji

Moto huo huo ndio unaoharibu visu vingi majumbani. Kisu hutiwa kwenye makaa kutoboa mtungi wa plastiki au kuunganisha beseni lililopasuka. Kikitoka humo kimekuwa chuma laini kama bati. Tafuteni msumari mrefu kwa kazi hiyo.

Steinlesi nayo haipendi kulala kwenye maji ya chumvi au dawa ya kung'arishia nguo, inatobokatoboka. Usikitupe kisu ndani ya beseni la vyombo lenye povu, mtoto atakayeosha haoni kilichomo chini. Kioshe peke yake, kifute, kiweke ndani ya ala ya katoni ngumu iliyokunjwa na kushonwa, mahali ambapo wadogo hawafiki. Ukitoka kukata kuku mbichi, osha kisu na ubao kwa sabuni na maji moto kabla ya kugusa kachumbari, kwa sababu kachumbari haipikwi na vijidudu vya kuku vitaliwa vikiwa hai. Ubao uwe wa mbao au plastiki. Kukatia juu ya sahani ya bati au saruji kunamaliza makali kwa siku moja.

Kazi ya kikundi

Kwa mkutano ujao kila mwanakikundi aje na visu vyote vya nyumbani kwake, hata vilivyovunjika, vikiwa vimefungwa kwenye gazeti. Katibu alete sumaku, mmoja alete tupa, mwingine jiwe, na nyanya kumi. Vipangeni mezani, mvipime kimoja kimoja, na mtenge vile vinavyofaa kunolewa. Huenda baadhi yenu mtakuta kisu kizuri kilikuwa nyumbani miaka yote kikingoja jiwe, na hapo hamna haja ya kununua.

Kisha mjadili haya:

Katika nyumba zetu, nani huamua pesa ya kisu, na nani hukitumia?

Kwa bei za soko letu, tumetumia pesa ngapi kwa visu tangu Januari?

Jiwe la kikundi likinunuliwa, litakaa kwa nani, na vijana wetu wawili au watatu wanaweza kujifunza kunoa na kutoza kitu kidogo siku ya soko?